Ng'ambo ya Ruvuma: Uhuru Uliosubiriwa Kutoka Newala na Masasi

Pale Shimo la Mungu, Newala, nchi inakatika ghafla. Chini ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji, ambako ukiendelea kusini utaukuta uwanda mwingine wa juu, wa Mueda. Wamakonde wanaishi pande zote mbili, na pande zote mbili shida ya zamani ni moja: juu hakuna mito, hivyo kwa vizazi vingi akina mama wameteremka magengeni kufuata maji. Mjerumani na Mreno waliugeuza mto kuwa mpaka, lakini watu hawakuacha kuvuka.

Waliovuka kuja kaskazini walikuwa na sababu. Kwa Mreno mtu alilazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa bei aliyopangiwa, na angeweza kuchukuliwa wakati wowote kwenda kufanya kazi ya lazima. Tanganyika kulikuwa na mashamba ya mkonge. Kazi ya manamba ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa na mshahara. Katika miaka ya 1950 manamba hao walikuta jambo jingine pia: mikutano ya TANU, kadi za chama, na neno uhuru likitamkwa hadharani mchana kweupe. Waliona wenyeji wao wakijiandaa kwa mabadiliko makubwa, wakajiuliza kwa nini kwao isiwezekane. Wakaanzisha vyama vyao, na kutokana na juhudi hizo kikazaliwa chama cha MANU.

Wengine waliamua kurudi na kudai. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walitoka Tanganyika wakaenda Mueda kuzungumza na wakuu wa Kireno. Tarehe 16 Juni 1960 gavana wa mkoa wa Cabo Delgado alifika, na umati mkubwa ukakusanyika kusikia jibu. Jibu likawa kukamatwa kwa wajumbe hao. Watu walipojaribu kuzuia wasichukuliwe, bunduki zikafyatuliwa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa baadaye, kimetaja zaidi ya watu 500 waliouawa. Baadhi ya watafiti wanataja idadi ndogo zaidi. Hata tukichukua idadi ndogo, waliouawa walikuwa watu waliokuja kusikiliza.

Sasa hesabu siku. Siku 75 baadaye, tarehe 30 Agosti 1960, Tanganyika ilifanya uchaguzi na TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Watu wa kabila moja, lugha moja na mto mmoja: huku kura, kule risasi. Kwangu mimi, hapo ndipo vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoamuliwa, kabla hata FRELIMO haijaundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Alberto Chipande, kijana wa Kimakonde aliyekuwamo katika umati ule wa Mueda, alikwenda kufundishwa vita Algeria. Agosti 1964 alivuka Ruvuma na kikundi chake kutoka Tanzania, na tarehe 25 Septemba wakashambulia kituo cha Wareno cha Chai.

Baada ya hapo mto ukawa na kazi mbili. Wapigania uhuru walikwenda kusini, wakimbizi wakaja kaskazini. Jirani na Masasi, kule Nachingwea, FRELIMO ikapata kambi ya mafunzo katika mashamba yaliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Masasi yenyewe, kuanzia 1960 hadi 1968, askofu wa Kianglikana alikuwa Trevor Huddleston, aliyejulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Alikuta huku watu wasiohitaji kuhubiriwa habari za ukombozi. Kwa vijiji vya mpakani haikuwa shangwe tupu, maana mabomu ya Mreno yalifika hata upande wetu. Wala wapiganaji hawakuwa na kauli moja daima: Lázaro Nkavandame, kiongozi mkubwa miongoni mwa Wamakonde, aligombana na wenzake na mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno. Vita viliendelea bila yeye, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Sasa Ruvuma ina daraja: Daraja la Umoja la Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010, katika eneo lililokuwa sehemu ya Masasi kabla Nanyumbu haijawa wilaya. Leo magari yanavuka pale kwa dakika chache.

Lakini waliovuka kwa mtumbwi usiku, na waliowapokea, wanazidi kupungua. Msomaji wa Newala, Masasi au Tandahimba, kama nyumbani kwenu yupo babu au bibi anayeikumbuka miaka ile, kaa naye jioni hii. Muulize ni nani walilala kwenu, walikula nini, na waliondoka na nani. Andika majina yote.