Angklung: Sauti Moja kwa Kila Mtu

Ukipewa ala ya muziki inayotoa sauti moja tu, yaani nota moja hadi uzeeke, utaichukua ama utarudisha? Mimi kusema ukweli ningerudisha. Ningeuliza zile zingine ziko wapi.

Halafu nikaona angklung. Ilikuwa saa nane usiku, mwaka ule niliacha chuo, na usingizi ulikuwa umenikataa. Kwenye simu ikatokea video ya watoto wamejipanga, kila mmoja ameshika kitu cha mianzi. Mwalimu yuko mbele, haongei, anaonyesha tu ishara za mkono. Kila ishara ni nota. Mtoto anangoja yake, anatikisa, ananyamaza. Na wimbo mzima unatoka, ilhali hakuna mtoto hata mmoja aliyeweza kuupiga peke yake.

Niliirudia hiyo video mara nyingi, kisha nikaanza kutafuta historia yake. Wasee, hii kitu karibu ingepotea.

Angklung ni ya Wasunda, watu wa magharibi mwa kisiwa cha Java, Indonesia. Ni vipande viwili hadi vinne vya mwanzi, vina uwazi ndani kama bomba, vimening'inizwa kwenye fremu ya mianzi. Unashika fremu kwa mkono mmoja, unatikisa kwa mwingine. Usiseme basi ni kayamba. Kayamba inakupa mdundo. Angklung imechongwa hadi vile vipande vyote vitoe nota ileile, kimoja juu, kingine chini. Hata mwanzi wenyewe haukatwi ovyo. Ule mweusi huvunwa kwa wiki mbili tu kwa mwaka, wakati nyenze wanalia, wale wadudu wa kelele mitini. Na unakatwa kuanzia pingili ya tatu kutoka chini, ndiyo mzizi uendelee kuchipuka.

Hapo zamani haikuwa burudani. Wasunda walikuwa wakulima wa mpunga, na waliipiga kumwita Nyi Pohaci, mungu wa kike wa mpunga, ashuke abariki mashamba. Wabaduy, Wasunda wanaoishi milimani na ambao wamekataa mambo mengi ya kisasa, bado wanaipiga wakati wa kupanda mpunga. Si eti umeboeka ndiyo uitoe.

Lakini kwingineko Java ilishuka bei. Kufikia miaka ya 1930, chini ya Waholanzi, mahali ungeisikia sana ni mikononi mwa watoto na waombaji wa mitaani. Hapo ndipo anaingia Daeng Soetigna.

Daeng alizaliwa 1908, na alikuwa mwalimu wa shule mjini Kuningan. Alitaka kufunza watoto muziki, lakini ala za Kizungu zilikuwa ghali. Inasimuliwa kwamba waombaji walifika mlangoni kwake wakipiga angklung, na badala ya kuwapa sarafu waende, akainunua. Kisha akamtafuta mzee aliyejua kuitengeneza, akaketi chini akafunzwa. Mwalimu mzima, amekuwa mwanafunzi wa fundi wa mianzi. Hiyo peke yake nilimheshimu.

Mwaka 1938 akafanya kitu ambacho leo kingemletea matusi. Akabadilisha nota. Angklung za zamani zilifuata ngazi za muziki za kwao, zinaitwa pelog na salendro, zenye nota tano. Daeng akachonga zinazofuata do re mi ya Kizungu, na nusunota zake zote. Sasa ungeweza kupiga wimbo wowote wa dunia.

Hapa ndipo mimi naguswa. Mwaka jana nilirekodi litungu la babu nikaliweka juu ya biti. Mjomba akanipigia simu. Hakufoka. Aliniambia tu, "Mwanangu, hicho ni kitu cha wazee, umekifanya mchezo." Sikuwa na jibu. Nikaifuta.

Kwa hivyo nikisoma kuhusu Daeng, namsikia mjomba. Na ana hoja, tusimpuuze. Yaani nchi imetawaliwa na Wazungu, na wewe unachukua ala ya mungu wa mpunga unaipa sauti za Wazungu? Kuna kitu kilipotea hapo. Shamba lilipotea. Msimu ulipotea. Masikio ya watoto wengi yakazoea do re mi kabla ya pelog.

Lakini angalia kile hakugusa. Hakubadilisha ile kanuni ya mtu mmoja, nota moja. Ilibaki ala inayohitaji watu. Wewe ukikosa, shimo lako linasikika, na hata kama una kipaji kuliko wote, utangoja zamu yako.

Na watu walikuja. Aprili 1955, nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Bandung, mji mkubwa wa Wasunda, kuongea jinsi ya kuishi bila kuamriwa na wakubwa wa dunia. Misri ilikuwepo, Ethiopia, Sudan, Liberia, Libya, na Gold Coast ambayo sasa ni Ghana. Sisi hatukuwepo. Kenya ilikuwa kwenye Hali ya Hatari, watu wako kizuizini. Daeng na angklung zake walitumbuiza wageni hao. Ala ya waombaji, miaka 17 baadaye, mbele ya viongozi.

Mwanafunzi wake, Udjo Ngalagena, na mkewe Uum Sumiati, wakafungua mahali pa kufunzia Bandung mwaka 1966, Saung Angklung Udjo. Bado pako, na mgeni akiingia anapewa angklung yake, anapiga na wengine siku hiyohiyo. Mwaka 1968 serikali ikaifanya ala ya kufunzia muziki shuleni. Mwaka 2010 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mwaka 2011, Washington, watu 5,182 waliipiga pamoja, rekodi ya dunia wakati huo. Watu elfu tano, na kila mmoja ana nota yake tu.

Na Wabaduy? Bado wanapiga ile yao ya zamani, kwa msimu wake. Mpya haikuua ya zamani. Kilichokuwa kinaiua ni kuachwa.

Siwezi kusema mjomba alikosea. Mimi nilichukua sauti ya litungu nikaacha watu wake. Sikumuuliza babu huwa linapigwa lini, wala nani huitikia. Nilikaa peke yangu na laptopu. Daeng alianza kwa kuketi chini ya mzee, mimi nilianza na biti.

Likizo hii naenda ushago. Simu nitabeba, lakini siku ya kwanza itakaa mfukoni.

Na kwenu je? Kuna ala gani imening'inia ukutani, na nani bado anajua kuipiga? Niambie jina lake hapo chini, hata kama ni jina tu umebaki nalo.