Duka la waliosoma sana wakalipwa kidogo

Najua nimewatupa siku nyingi, mitihani ilinibana na bumu nalo limekata mapema. Ila leo sileti malalamiko ya wali wa kafeteria. Naleta historia, si mnajua tena mwenyewe nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili.

Imeanza hivi. Juzi usiku mwenzangu wa chumbani, anasoma biashara, kanitania mbele ya watu: "Wewe mwalimu, jibini utaiona kwenye picha tu." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, ila iliniingia. Kesho yake nikiwa maktaba nikakutana na habari za Joe Coulombe wa Kalifornia, bwana aliyefungua duka la vyakula vya kifahari kwa ajili ya watu kama mimi kabisa. Nikasahau hata kazi ya semina.

Joe alizaliwa San Diego mwaka 1930, akasoma Stanford, akaajiriwa na Rexall, kampuni ya maduka ya dawa. Mwaka 1958 wakampa kazi ya kuanzisha maduka madogo ya mtaani, yale unayokimbilia maziwa na sigara usiku. Yakaitwa Pronto. Baadaye Rexall ikataka kuachana nayo, Joe akayanunua. Mambo yakaenda mpaka katikati ya miaka ya 1960, 7-Eleven, jitu kutoka Texas, likaanza kujitanua Kalifornia. Kushindana nalo kwa bidhaa zilezile ilikuwa kujichimbia kaburi.

Sasa hapa ndipo ninapompendea. Badala ya kulia, alisoma. Kwenye jarida la Scientific American aliona kwamba asilimia 60 ya Wamarekani wenye sifa za kwenda chuo walikuwa wanakwenda kweli. Chanzo kimojawapo ni sheria ya mwaka 1944 iliyowasomesha askari waliorudi vitani. Tena akasoma kwamba ndege ya Boeing 747 ingeanza kazi mwaka 1970 na nauli za kwenda ng'ambo zingeshuka. Akajumlisha: kunakuja watu wenye digrii, wameonja mvinyo Ufaransa na jibini Italia, wamerudi nyumbani na ulimi mpya, lakini mshahara ni uleule. Mwenyewe alisema duka lake ni la waliosoma sana na kulipwa kidogo: wanamuziki, watunza makumbusho, waandishi wa habari. Walimu je? Jamani, sisi si ndio wenyewe!

Mwaka 1967 akafungua Trader Joe's ya kwanza, Pasadena, na duka lile lipo hadi leo. Wafanyakazi mashati ya maua ya Hawaii, meneja anaitwa Kapteni, kama mko melini.

Lakini bei aliishushaje? Sikilizeni kisa cha mayai, kilitokea bado enzi za Pronto. Muuzaji alimjia na mayai makubwa kupita kawaida yaliyomkwamia. Masupamaketi hayakuyataka kwa sababu hayatoshi kugawa kwenye matawi yote. Joe matawi yake machache, akayachukua, akayauza kwa bei ya yale ya kawaida. Udogo wake ndio uliomsaidia! Toka hapo mchezo ukawa huo: tafuta kitu kizuri ambacho wakubwa hawawezi kukibeba, lipa taslimu, bandika jina lako mwenyewe. Mpaka leo duka moja lina aina kama 4,000 za bidhaa, wakati supamaketi ya kawaida kule inapita 30,000. Matangazo yake yalikuwa kijarida cha maelezo marefu kuhusu chakula, kimejaa michoro ya karne ya 19. Kwa nini ya zamani? Haina hakimiliki, ni ya bure. Huyu angeishi hosteli yetu vizuri tu.

Mwaka 1979 aliuza kampuni kwa Theo Albrecht, Mjerumani wa Aldi Nord, akaendelea kuiongoza hadi 1988. Waliofuata wakaisambaza nchi nzima, sasa maduka yamepita 500. Joe alifariki Februari 2020, akiwa na miaka 89.

Kuna kitu kinanikereketa lakini. Umaskini wa msomi Joe aliukuta, akaupigia hesabu, akaugeuza soko. Simlaumu, hakuwa serikali. Na wafanyakazi wake wa kudumu alitaka walipwe sawa na kipato cha kati cha familia ya Kalifornia, kitu ambacho wenye maduka wengi hawakukiwaza. Ila mwaka 2022 wafanyakazi wa tawi la Hadley, Massachusetts, walipiga kura kuunda chama, wa kwanza katika kampuni hiyo, wakidai mambo ya malipo na marupurupu. Yaani swali la mshahara lilihama upande wa mteja likaenda nyuma ya kaunta.

Nilimsimulia mwenzangu yote hayo jana. Kanyamaza kidogo, halafu kauliza mayai yale aliyanunua bei gani. Nikamwambia sijui, ila leo ni zamu yake kwenda gengeni, akaulizie makubwa.