Mrija Uliomwokoa Esperanza

Leo nakusimulia habari za mrija mmoja mdogo sana.

Mwaka 1975, huko California, Marekani, mama mmoja aliyevuka mpaka kutoka Meksiko alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alikuwa amevuta kinyesi chake cha kwanza kikaingia mapafuni, jambo ambalo wakunga wetu wanalijua na kuliogopa. Mashine ya kupumulia haikumfaa. Mama yake akaondoka, mtoto akabaki hospitalini bila jina. Wauguzi wakamwita Esperanza, yaani Tumaini.

Daktari Robert Bartlett alikuwa na njia nyingine: kuitoa damu mwilini, kuipitisha kwenye pafu la bandia ipate oksijeni, kisha kuirudisha. Mashine ya namna hiyo ilikuwa imesaidia katika upasuaji wa moyo tangu 1953, lakini kwa muda mfupi tu. Esperanza alikaa nayo siku tatu. Akapona, akakua, na baadaye akawa mama mwenyewe.

Sasa mrija wenyewe. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 250. Haijazi hata chupa ya soda ya mililita 300. Mashine nayo yapaswa kupitisha karibu mililita 300 kila dakika, usiku na mchana. Umewahi kunywa uji kwa mrija mwembamba? Basi unaelewa shida. Daktari Mfaransa, Poiseuille, alilipima jambo hili miaka ya 1840. Upana wa mrija ukipungua nusu, kinachopita hakibaki nusu. Hubaki sehemu 1 kati ya 16! Na ukiivuta damu kwa nguvu, ukuta wa mshipa hunyonywa ukaziba mrija, na chembe za damu hupasuka.

Kwa hiyo madaktari walitafuta mishipa mipana, na kwa mtoto mchanga hiyo iko shingoni, upande wa kulia. Mrija mmoja uliitoa damu kwenye mshipa unaoirudisha moyoni. Wa pili uliirudisha kupitia mshipa unaoipeleka kwenye ubongo, na mara nyingi mshipa huo ulifungwa moja kwa moja. Mtoto aliishi kwa kutegemea mishipa mingine ya shingo. Bei hiyo iliwasumbua madaktari wengi, na nadhani walikuwa na haki.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja mrija mmoja wenye njia mbili ndani yake. Huingia kwenye mshipa ule wa kwanza pekee, ncha ikafika moyoni; mshipa wa ubongo hauguswi. Matundu ya kurudishia damu huelekezwa kwenye mlango wa chumba cha pili cha moyo, la sivyo damu safi hunyonywa tena papo hapo. Lakini moyo wa mtoto uwe na nguvu, maana ndio unaosukuma.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 1996 ulihusu watoto 185. Kati ya 93 waliopangiwa mashine hii walikufa 30; kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida walikufa 54.

Watoto walio chini ya kilo 2, au waliozaliwa kabla ya wiki 34, kwa kawaida hawawekwi. Mishipa yao haiupokei mrija, na dawa ya kuzuia damu isigande huweza kuwatoa damu ubongoni.