Wote walilia ushuru, nani alisikizwa?

Wasee, kabla hatujabishana tena kuhusu Mswada wa Fedha, hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1901 Mwingereza alileta kodi ya kibanda. Ukiwa na nyumba, lipa. Mwaka 1910 ikaja kodi ya kichwa, hata kijana asiye na nyumba hakuponea. Huna pesa? Nenda kamfanyie mzungu kazi uipate.

Masetla nao wakawekewa kodi ya mapato 1921. Wakapiga kelele, 1922 ikafutwa! Pengo likazibwa na ushuru wa forodha, yaani bidhaa zinazoshukia hapahapa bandarini kwetu. Kodi yao haikurudi hadi 1937.

Mwaka huohuo wa 1922, Harry Thuku alikamatwa. Alikuwa akipinga kodi na kipande. Watu wakaenda kudai aachiliwe, wakapigwa risasi Nairobi. Kodi ya kibanda ikapunguzwa kutoka shilingi 16 hadi 12, lakini haikufutwa.

Leo sabuni ina VAT ya asilimia 16. Kibarua wa Majengo na tajiri wa Nyali wanalipa sawa dukani, ila kwa kibarua hiyo ni pesa ya unga.

Kwa hivyo usiulize tu ushuru ni ngapi. Uliza nani akilia anasikizwa.