Mtu wa Ndani

Septemba 1803 Robert Emmet, kijana wa miaka 25, alipandishwa kizimbani mjini Dublin kwa kosa la uhaini. Mmoja wa waliomtetea alikuwa Leonard McNally, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kimbilio la wanachama wa United Irishmen, chama kilichoanzishwa Belfast mwaka 1791 na kilichoongoza uasi wa 1798. Wateja wake walimfungulia mioyo yao, kama mtu anavyomfungulia wakili wake pale maisha yanapokuwa hatarini. Emmet alipatikana na hatia na kesho yake akanyongwa. McNally aliishi hadi 1820. Alipofariki, warithi wake walitaka pensheni yake ya pauni 300 kwa mwaka iendelee kulipwa, na kwa ombi hilo siri ikafichuka: mtetezi wa wanamapinduzi alikuwa akilipwa na Dublin Castle, makao makuu ya utawala wa Kiingereza nchini Ireland. Yaliyosemwa faraghani baina ya mshtakiwa na wakili yalikuwa yakiufikia upande wa mashtaka.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya tamaa ya mtu mmoja, na ni rahisi kusema kikulacho ki nguoni mwako, kisha tukapita. Naona tumtazame zaidi yule aliyekuwa akilipa. Ili McNally aendelee kuwa na manufaa, serikali ililazimika kuacha mahakama zake yenyewe ziendeshe kesi ambazo hazikuwa kesi, kwa kuwa mshtakiwa alikuwa hana wakili ila kwa jina. Ndiyo maana naamini kwamba doa kubwa katika historia ya watoa habari wa Ireland haliko kwa wale waliowauza wenzao. Liko kwenye dola lililowanunua. Kila dola hilo lilipompata mtu wa ndani mwenye thamani kubwa, lilianza kumtumikia. Sheria, mahakama na uhai wa watu wengine vilitolewa kidogo kidogo ili yeye abaki mahali pake.

Karne ya 19 inatupa mifano mingi, na mmoja unatosha. Tarehe 6 Mei 1882 maafisa wawili wakuu wa serikali, Lord Frederick Cavendish na Thomas Burke, waliuawa kwa visu katika bustani ya Phoenix Park. James Carey, diwani wa Dublin na mmoja wa viongozi wa njama hiyo, alikubali kutoa ushahidi dhidi ya wenzake, na watano wakanyongwa. Serikali ilimpa jina jipya na kumpandisha meli kwenda Afrika Kusini. Julai 1883 alipigwa risasi akiwa baharini, ndani ya meli ya Melrose. Tangu hapo kila mtu Ireland alijua mtoa habari hufanywa nini, na serikali nayo ilijua kwamba anayejulikana hana faida tena. Michael Collins, mkuu wa ujasusi wa wapigania uhuru, aliliona jambo hilo kwa undani kuliko wote katika vita vya uhuru vya 1919 hadi 1921. Aliweka watu wake ndani ya polisi wa upelelezi wa Dublin, akina Ned Broy na David Neligan, na akaamuru wapelelezi wenyewe wauawe. Alifahamu kwamba utawala ule ulikuwa unaona kwa macho ya kuazima.

Hapa Afrika Mashariki inaingia moja kwa moja katika hadithi. Frank Kitson, ofisa wa jeshi la Uingereza, alipelekwa Kenya mwaka 1953 wakati wa vita vya Mau Mau. Huko alishiriki kuunda magenge bandia: wapiganaji waliokamatwa na kugeuzwa, wakarudishwa msituni pamoja na askari kuwawinda wenzao. Ni vita vilevile vilivyoleta gakunia, mtu aliyevishwa gunia lililotobolewa macho na kusimamishwa mbele ya foleni ya watu, akitikisa kichwa kuamua nani aende kizuizini, kama ilivyofanyika Nairobi katika msako mkubwa wa Aprili 1954. Kitson aliandika kitabu juu ya mbinu zake, na kuanzia 1970 hadi 1972 alikuwa kamanda wa brigedi ya jeshi mjini Belfast. Katika kipindi hicho kikaundwa kikundi kidogo cha siri cha jeshi kilichoitwa kwa kifupi MRF, ambacho nacho kilitumia wanachama waliogeuzwa wa IRA, jeshi la siri lililopigana kuuondoa utawala wa Uingereza Ireland Kaskazini. Kikundi hicho kilikuwa na biashara ya dobi. Gari lake lilipita mitaa ya Wakatoliki ya Belfast Magharibi likikusanya nguo chafu kwa bei nafuu, na kabla ya kufuliwa nguo hizo zilipimwa kama zina chembe za baruti au damu. Oktoba 1972 IRA walilishambulia gari hilo na kumuua dereva, askari aliyevaa kiraia. Walikuwa wamelijua kupitia kwa vijana wao wawili, Seamus Wright na Kevin McKee, waliokuwa wamegeuzwa na jeshi kisha wakaungama kwa IRA. McKee alikuwa na miaka 17. Wote wawili walitoweka.

Nawataja kwa makusudi, kwa sababu picha ya msaliti anayehesabu noti gizani haielezi jinsi watu wengi walivyoingia katika kazi hii. Sheria ya kuzuia ugaidi ya 1974 iliwaruhusu polisi kumshikilia mtu kwa hadi siku saba, na kituo cha Castlereagh kilijulikana kwa mahojiano ya zamu baada ya zamu. Huko ofisa wa Special Branch, kitengo cha polisi cha ujasusi, hakutafuta mwenye imani dhaifu tu. Alitafuta mwenye shida. Aliyenaswa na kosa dogo aliahidiwa kesi itafutwa. Mwenye madeni alipewa pesa za kumsogeza wiki. Mwingine alitishiwa kwamba jina lake litasambazwa mtaani kuwa tayari ameshazungumza, na hapo hakukuwa na haja ya kumlipa sana, kwani kifo kilikuwa kimeshamkalia shingoni. Wako waliokubali kwa dhamiri, waliochoshwa na mabomu na mauaji. Lakini mfumo haukuwatenganisha hao na wale waliobanwa, na wote waliitwa jina moja, tout, tusi ambalo Belfast ya Wakatoliki haikuwa na baya kulizidi.

Kulikuwa na kipindi kifupi ambapo dola lilijaribu kumleta mtu wa ndani hadharani. Kuanzia 1981 wanachama wa zamani wa makundi ya silaha walisimama mahakamani na kuwataja wenzao kwa makumi. Christopher Black peke yake aliwafikisha washtakiwa 38 kizimbani, mbele ya jaji asiye na baraza la mahakama, na 1983 wengi wao walitiwa hatiani. Kisha jengo likaanza kubomoka. Desemba 1984 jaji mkuu Lord Lowry alikataa ushahidi wa Raymond Gilmour kwa kuwa hakustahili kuaminiwa, na 1986 hukumu nyingi zilizotokana na maneno ya Black zikatenguliwa na mahakama ya rufaa. Kwangu huu ni ushahidi mzito. Maneno ya mtoa habari yalipopimwa kwa kanuni za kawaida za mahakama, mengi hayakusimama. Somo lililochukuliwa, hata hivyo, halikuwa kutilia shaka maneno yake. Lilikuwa kuhakikisha kwamba hayafiki tena mahakamani.

Kilichofuata ndicho kiini cha jambo lote. IRA walikuwa na kitengo cha usalama wa ndani kilichowasaka watoa habari, kuwahoji, na mara nyingi kuwapiga risasi na kuwatupa kandokando ya barabara. Mwaka 2003 magazeti yalimtaja Freddie Scappaticci, mtu wa Belfast wa ukoo wa Kiitaliano na kigogo wa kitengo hicho, kuwa ndiye mtoa habari wa jeshi aliyepewa jina la siri Stakeknife. Alikana hadi kufa kwake 2023. Uchunguzi ulioitwa Operation Kenova, ulioanza 2016 chini ya Jon Boutcher, ulipitia mauaji na utekaji 101 uliohusishwa na kitengo hicho. Ripoti yake ya Machi 2024, ambayo kwa mujibu wa kanuni ya serikali ya kutothibitisha wala kukanusha haikumtaja Stakeknife kwa jina, ilisema kwamba vyombo vya usalama viliacha baadhi ya mauaji yatokee ingawa vilikuwa na taarifa mapema, ili vyanzo vyao visigundulike. Yaani watu waliuawa kwa tuhuma ya kutoa habari, na mwenye kuhusika na mauaji hayo alikuwa mtoa habari mwenyewe. Baadhi ya waliouawa hawakuwahi kutoa habari yoyote. Mafaili yaliyopelekwa kwa waendesha mashtaka hayakuzaa hata kesi moja ya mauaji.

Pingamizi la kwanza ni zito na sitaki kulikwepa: watoa habari waliokoa maisha. Ni kweli. Septemba 1984 meli ya Marita Ann ilikamatwa pwani ya Kerry ikiwa na tani saba za silaha, na Sean O'Callaghan, mwana-IRA aliyekuwa akiwapasha habari polisi wa Jamhuri ya Ireland, alikuwa na mchango katika hilo. Hakuna awezaye kusema silaha zile zingeua watu wangapi. Lakini hesabu ya waliookolewa imekuwa ikitiwa chumvi na wenye maslahi. Mwaka 1992 ofisa wa jeshi alimtetea mahakamani Brian Nelson, mtu wa jeshi ndani ya kundi la UDA la watiifu kwa taji, kwa kusema kwamba taarifa zake zilihusu vitisho dhidi ya watu 217. Uchunguzi wa baadaye haukuona chochote kinachokaribia idadi hiyo, bali uliona jinsi Nelson alivyolisaidia kundi hilo kuchagua walengwa. Ripoti kuhusu mauaji ya wakili Pat Finucane, aliyepigwa risasi na kundi hilohilo nyumbani kwake Februari 1989, ilimfanya waziri mkuu David Cameron aombe radhi bungeni Desemba 2012. Kuhusu Stakeknife, ambaye kwa miaka mingi alisifiwa kuwa ameokoa mamia, Kenova ilikadiria watu karibu kumi, au kumi na ushei, na ikaona kwamba huenda waliopotea ni wengi kuliko waliookolewa.

Wengine husema kwamba waliofyatua risasi ni IRA, na lawama ni yao. Lawama ya risasi ni yao kabisa, na uongozi wa wanajamhuri bado una deni la kusema ukweli kwa familia. Ila dola linadai utii wa raia kwa sababu limejitofautisha na kundi la silaha. Anayejua saa na mahali pa mauaji na akanyamaza kwa kuwa muuaji ni mtu wake hawezi kujificha nyuma ya muuaji. Wala si kweli kwamba hapakuwa na njia nyingine. Maofisa wa miaka ya 1980 waliongozwa na waraka wa Wizara ya Mambo ya Ndani wa 1969, ulioandikwa kwa ajili ya wezi na majambazi wa kawaida, na walipoomba sheria inayofaa mawaziri hawakuwapa. Kuficha jina la mtu ni jambo moja. Kumwondoa katika mkono wa sheria ni jingine, na ni ukimya wa mawaziri uliofanya mambo hayo mawili yawe kitu kimoja.

Pingamizi la mwisho linasema kwamba IRA ilijaa watoa habari kiasi kwamba haikuwa na budi ila kufanya amani. Denis Donaldson, aliyekuwa msimamizi wa ofisi ya Sinn Féin, chama cha siasa kilichofungamana na IRA, kwenye bunge la Stormont, alikiri Desemba 2005 kwamba alikuwa amelitumikia dola kwa miaka 20, na Aprili 2006 akauawa Donegal. Kwa hiyo kupenyezwa kulikuwapo. Lakini kama upenyezaji huo ulikuwa umelishika kundi kooni, basi bomu la IRA huko Docklands, London, la Februari 1996 halielezeki. Makubaliano ya amani ya Aprili 1998 yalipatikana mezani, kwa majadiliano ya miaka. Miezi minne baadaye kundi lililojitenga na IRA lililipua bomu mjini Omagh na kuua watu 29.

Waliobaki na mzigo ni wale ambao hakuna aliyewalipa. Jean McConville, mjane mwenye watoto kumi, alichukuliwa nyumbani kwake Belfast Desemba 1972 kwa tuhuma ya kutoa habari. Mwili wake ulipatikana ufukweni katika kaunti ya Louth mwaka 2003, na 2006 mchunguzi wa malalamiko dhidi ya polisi alisema hakuona ushahidi wowote kwamba aliwahi kutoa habari. Watoto wake walikua na tuhuma hiyo wakiwa wametawanywa. Familia nyingine ziliwazika wapendwa wao kimyakimya, majirani wakiogopa hata kwenda msibani. Juni 2015 tume inayotafuta miili ya waliotoweshwa ilikuwa ikichimba eneo la mboji huko Meath, ikimtafuta mtu mwingine kabisa. Ikakuta miili miwili katika kaburi moja. Vipimo vilithibitisha kuwa ni Seamus Wright na Kevin McKee.