Mama Yake Bibi Katika Vitabu vya Hesabu

Nyumbani kwetu Ng'ambo tulilelewa tukiambiwa kwamba sisi ni Washirazi. Hakuna aliyeuliza tulikuwa nani kabla ya hapo, na lau angeuliza angeambiwa anyamaze. Mama yake bibi yangu alifariki kabla sijazaliwa. Habari zake nilizokuwa nazo ni maneno machache tu ya bibi, nami niliyashughulikia baada ya kustaafu ualimu, nilipopata nafasi ya kwenda kukaa Nyaraka za Taifa pale Kilimani.

Nilianza na sensa, kwa kuwa nilidhani kuhesabiwa ni kuandikwa. Sensa ya kwanza ya Unguja na Pemba ilifanywa mwaka 1910, kisha ikaja ile ya wenyeji ya mwaka 1924, na nyingine za 1931 na 1948. Zote nne zilimkuta hai. Nilizisoma taarifa zake ukurasa kwa ukurasa, nisione jina la mtu wa kawaida hata mmoja. Mna makabila, wilaya, wanaume na wanawake. Kila mtu amemezwa na jumla.

Lakini jumla nazo husema. Mwaka 1924 watu zaidi ya 30,000 waliandikwa kuwa Waswahili. Miaka saba baadaye, mwaka 1931, walibaki kama 2,000 tu. Hapakuwa na maradhi wala njaa iliyowaondoa watu wote hao. Wengi walikuwa katika nyumba zile zile, ila walipoulizwa walijibu vingine. Jina la Mswahili lilikuwa limekwisha kushikamana na utumwa, na mwenye kutaka heshima alijitafutia jina lenye mizizi visiwani.

Hapo nikakumbuka kisa alichonihadithia bibi. Alikuwa na umri wa miaka kama tisa alipokuja karani wa kuhesabu watu, akifuatana na sheha. Mama yake alikuwa barazani akisuka ukili. Alipoulizwa kabila lake alijibu, "Mswahili." Karani mwingine alipokuja bibi alikuwa mwari, na aliyejibu mlangoni alikuwa kaka yake. "Washirazi," alisema, "sote tuliomo humu." Mama akainua uso, akamtazama mwanawe, kisha akaurudia ukili wake bila ya kusema neno.

Bibi alikitoa kisa hiki kwa kicheko, na mimi nilicheka naye. Pale Kilimani, na hesabu zile mbele yangu, sikucheka tena.

Kwa kuwa sensa haikunipa jina, niligeukia daftari za mahakama. Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa tarehe 6 Aprili 1897, lakini amri ile haikuwafungua watu wote kwa siku moja. Mtumwa ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na bwana wake akalipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Waliokwenda kudai waliandikwa, na kwa sababu hiyo yako majina yaliyobaki.

Bibi aliwahi kunitajia, mara moja tu, jina la utumwani la mama yake na la mwenye shamba la mikarafuu alikokuwa. Kwa majina hayo mawili nilitafuta majuma kadhaa, hata nikampata. Ni mstari mmoja wa mwaka 1899: jina lake, jina la bwana wake, umri kama miaka 25, kabila Mnyasa.

Niliutazama mstari ule muda mrefu. Ikiwa umri ule ulikisiwa vizuri, basi alizaliwa karibu na mwaka 1874, yaani baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kulifunga soko la Mkunazini. Kwa hiyo ama aliletwa kwa magendo, ama alizaliwa humu humu na wazazi walioletwa. Na hilo neno "Mnyasa" nalo si ushahidi wa kutosha. Wengi waliopakiwa Kilwa walibandikwa jina hilo, ingawa kwao walikuwa watu wa makabila mbalimbali.

Basi mama yake bibi alipata majina matatu. La kwanza ni la wafanyabiashara, nalo karani akalinakili. La tatu ni la mwanawe, aliyetaka kuwasitiri. La pili ndilo alilolitamka kwa kinywa chake mwenyewe, barazani kwake, katika lugha aliyowalelea wanawe. Kama ningelazimika kuchagua, ningemwandika kama alivyosema.

Nilipomweleza dada yangu mkubwa, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, tuna watoto wanaoa na kuolewa. Jina lake usiliandike." Sikumlaumu. Mjomba wa mama yetu alijibu vile mlangoni kwa hofu hiyo hiyo. Nimemtii dada, na jina silitaji hapa. Lakini sikukubali kuyaficha mambo yenyewe.

Karani alipofika kwangu katika sensa ya Agosti 2022, aliuliza majina, umri na kazi zetu. Kabila hakuuliza, sensa zetu siku hizi haziulizi. Alipoondoka, mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, kwani sisi kabila gani?"

Nilimwambia akae. Sikuanzia Shirazi wala Nyasa. Nilimwanzia siku ile ya mwaka 1899, mwanamke kijana alipoondoka shambani kwa bwana wake akaenda mahakamani kusema kwamba anataka kuwa huru. Kabla ya siku hiyo hapana karatasi inayomtaja, na aliyejipeleka kuandikwa ni yeye mwenyewe.