Tansio: ugonjwa uliokuja pamoja na mji

LIKASI – Mzee anaanguka ghafula. Mdomo umepinda, mkono mmoja hausikii tena. Jirani mmoja anasema: «Wamemuloga.» Mwingine anasema: «Ni tansio.» Neno hilo la pili lina historia yake.

Wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville, waganga wa Union Minière walipigana na magonjwa mengine: homa ya mapafu, kuhara damu, kifua kikuu. Hayo ndiyo yaliyowaua wachimbaji wengi walioletwa kutoka mbali.

Mwaka 1929 munganga Mwingereza, Donnison, aliandika habari za hospitali moja ya Kavirondo, Kenya. Katika miaka 2 ilipokea wagonjwa karibu 1800, na hakukuta hata mmoja mwenye tansio ya juu. Mwaka 1990 waganga wengine walieleza jinsi walivyowafuata Waluo waliotoka kijijini kwenda Nairobi. Muda mfupi baada ya kufika, tansio yao ilikuwa juu kuliko ya ndugu waliobaki, na mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi.

Likasi pia ni mji wa waliohama. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua wafanyakazi wakae kambini pamoja na bibi na watoto, wakila posho. Maisha ya kijiji yakabaki nyuma.

Tansio si hukumu ya kifo. Marekani, vifo vya moyo vilifika kilele katika miaka ya 1960, kisha vikashuka: watu walipunguza tumbako, wakapimwa, wakameza dawa. Leo, kwa hesabu ya OMS, zaidi ya robo tatu ya vifo vya moyo na kiharusi hutokea katika nchi zenye mapato madogo na ya kati.

Katika Katanga, mfanyakazi wa Gécamines alitibiwa na kampuni, yeye na jamaa yake. Mwaka 2003 zaidi ya 10000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Tangu hapo dawa inatoka mfukoni mwao.

Na tansio haiumi. Feza zikipunguka, bunga inanunuliwa kwanza, kidonge kinangoja. Lakini plakete ikiisha si kwamba ugonjwa umeisha. Na mdomo ukipinda au maneno yakikwama, njia ni moja: hospitali, saa ileile.